Ng'ombe Akivamia Gunia la Pumba

Mahindi ya masika yakishavunwa, kuanzia Mkinga mpaka Muheza na Pangani kila uwanja una turubai lililoanikwa. Huo ndio msimu ambao simu za wafugaji huingia alfajiri: mbuzi wamekata kamba usiku, au mtamba amesukuma mlango wa stoo na gunia la pumba limebaki nusu. Tanga mjini mambo hayangoji hata mavuno. Mashine za kusaga zipo kila mtaa, na baada ya harusi au maulidi ubwabwa uliobaki humwagwa uani, mbuzi wakaufuata kwa harufu.

Mfugaji akipiga simu huuliza, "Daktari, mbona anaonekana mzima? Si nisubiri nione?" Usisubiri. Saa hizo chache ambazo mnyama bado anaonekana mzima ndizo tiba inapokuwa rahisi, na ndizo tunazozipoteza zaidi.

Tumbo la kwanza la ng'ombe, mbuzi na kondoo ni kama pipa la kuchachushia. Ndani yake wanaishi vijidudu wanaovunja majani polepole, na mnyama hushiba kutokana na kazi yao. Kipimo cha asidi humo, yaani pH, kwa kawaida huwa kati ya 6 na 7. Wanga mwingi ukiingia kwa mpigo, bakteria wanaopenda wanga, hasa Streptococcus bovis, huongezeka kwa kasi ndani ya saa chache na kutoa asidi ya laktiki. Kipimo kinashuka chini ya 5.5, kisha 5. Vijidudu wa majani wanakufa, na nafasi yao inachukuliwa na bakteria wengine wanaozidi kuzalisha asidi hiyo hiyo. Asidi inavuta maji kutoka kwenye damu kuyaingiza tumboni, mnyama anakaukiwa mwilini huku tumbo limejaa maji. Inachoma ngozi ya ndani ya tumbo, na kupitia vidonda hivyo bakteria hufika kwenye ini na kuacha majipu. Asidi ikishaenea kwenye damu, moyo na ubongo navyo hulemewa.

Kiasi cha kudhuru si kikubwa kama watu wanavyodhani. Kwa kondoo aliyedhoofu, gramu 50 hadi 60 za ngano kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kumuua. Kondoo wa kilo 30, basi, hahitaji hata kilo 2. Aliyenona huhimili zaidi kidogo. Unga na nafaka iliyoparazwa ni hatari kuliko punje nzima, maana wanga wake umeshafunguliwa. Pumba laini ya mashine ya kukoboa nayo hubeba wanga mwingi.

Dalili huanza siku hiyo hiyo au kesho yake. Mnyama anaacha kula na kucheua. Ukiweka kiganja kwenye ubavu wa kushoto, pale nyuma ya mbavu, tumbo ambalo kwa kawaida husukuma mkono kila dakika sasa limetulia, na ukilitikisa unasikia maji. Kinyesi ni laini, cha kijivu, kina povu na harufu ya uchachu, na punje zinaonekana. Macho yanaingia ndani. Anapepesuka kama mlevi, kisha analala na kugeuzia kichwa ubavuni. Akifika hapo anahitaji daktari mara moja: dripu ya mishipani, mpira wa kuosha tumbo, na pengine upasuaji wa kutoa shehena ya tumboni.

Ukimkuta amekula lakini dalili hazijatokea, mwondoe kwenye nafaka, mpe majani makavu, mtembeze kila saa, na umpimie maji kidogo kidogo kwa saa 12 hadi 24. Akinywa ndoo nzima juu ya nafaka, anaharakisha uchachu. Mpigie daktari au afisa mifugo wa kata wakati huo huo. Yeye atatumia dawa ya kuzima asidi, mara nyingi hidroksidi ya magnesiamu, kwa kiasi cha gramu 1 kwa kila kilo ya uzito. Kama daktari yuko mbali, lakini mbuzi wako amesimama na anameza vizuri, muulize kwa simu kuhusu baikaboneti ya soda: gramu 20 hivi, sawa na vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa, katika nusu lita ya maji, zinyweshwe taratibu. Angalia sana usichukue magadi makali ya kutengenezea sabuni. Hayo yanaunguza koo na tumbo. Na mnyama aliyelala au anayekohoa usimnyweshe kitu chochote, kitaingia mapafuni.

Kisu cha kutoboa ubavu kiache kwa daktari. Tumbo hili limejaa maji na asidi kuliko gesi, na tundu litamwaga uchafu huo ndani ya mwili. Wengine huwahi kumchinja asife kibudu. Ikifika huko, nyama ikaguliwe kwanza, na kama alishachomwa dawa, mkaguzi aambiwe.

Punda wa mkokoteni hacheui, lakini hatari ni ile ile. Hawezi kutapika, na wanga unaozidi huchachukia kwenye utumbo mpana. Anaumwa tumbo, kisha kwato zinawaka moto hata hataki kukanyaga. Farasi naye ni hivyo hivyo, ingawa pwani yetu yenye ndorobo haikuwahi kuwa nchi ya farasi.

Kwetu, uzito wa jambo hili uko kwenye ng'ombe wa maziwa. Tangu mradi wa wafugaji wadogo ulipoanza mwaka 1985 kwa msaada wa Uholanzi, familia nyingi za Tanga hufuga chotara mmoja au wawili zizini, na maziwa yao hulipa ada na chakula. Akizaa tu, pumba inapandishwa ghafla ili maziwa yaongezeke. Hapo ugonjwa huja kimyakimya: kinyesi laini, mafuta ya maziwa yanapungua, anachechemea. Pumba ipandishwe kidogo kidogo kwa wiki 2 hadi 3, igawanywe asubuhi na jioni, na majani yatangulie.

Aliyepona mtazame mpaka siku ya 4. Wapo wanaorudia kula, kisha siku ya 3 wanaanguka tena, kwa sababu ukungu umeshambulia vidonda vya tumboni. Katika siku hizo mpe majani tu, kisha pumba irudi kwa kiganja, si kwa ndoo.