Escrow: Tulikariri Majina, Mkataba Ukatupita

Muulize Mtanzania leo anakumbuka nini kuhusu sakata la Escrow. Atakutajia tusi la tumbili na majina ya waliopoteza vyeo. Mkataba hataugusa, na lawama si yake, maana ndivyo alivyosimuliwa.

Mambo yalianza mwaka 1995, shirika la umeme la taifa, TANESCO, lilipotia saini mkataba wa miaka 20 na IPTL, kampuni ya kufua umeme wa megawati 100 kule Tegeta, Dar es Salaam. Kila mwezi TANESCO ilipaswa kulipia kuwapo kwa mitambo, iwake isiwake. Kiwango cha malipo kilitegemea mtaji ambao wenye kampuni walisema wameuweka. Baadaye TANESCO ikalalamika kwamba mtaji huo haukuwa kama ulivyoelezwa, hivyo inatozwa kupita kiasi. Mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti ya Escrow Benki Kuu, fedha zinazobishaniwa zikae humo mpaka ubishi uishe.

Mwishoni mwa 2013 fedha zikatolewa, zikaenda kwa PAP, kampuni iliyosema imeinunua IPTL. Machi 2014 gazeti la The Citizen likaifichua habari hiyo. Ilikuwa kazi ya ujasiri, na bila hiyo huenda tusingejua lolote. Tatizo lilikuja baadaye. Mwanasheria Mkuu, Frederick Werema, alipomwita tumbili mbunge David Kafulila, aliyekuwa akihoji fedha hizo, tusi likawa habari kuliko hoja ya mbunge. Novemba, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali (PAC) chini ya Zitto Kabwe ikaliambia Bunge kuwa zilizochotwa ni shilingi bilioni 306. Werema akajiuzulu, Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri, na Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, naye akaachia ngazi. Kila jina lilipata siku zake za vichwa vya habari.

Swali kubwa likabaki: fedha zile zilikuwa za umma au za IPTL? Rais Kikwete alisema si za umma. PAC ikasema sehemu yake ni za umma. Vyombo vya habari vikazipanga kauli hizo mbili kama Simba na Yanga, msomaji achague jezi. Lakini hili halikuwa jambo la kushabikia. Lilihitaji hesabu: toa TANESCO ilichotozwa zaidi, kinachobaki ndicho cha IPTL. Hesabu hiyo ilikuwa haijapigwa fedha zilipotoka. Februari 2014, mwezi mmoja kabla ya habari kufichuka, wasuluhishi wa kimataifa wa ICSID waliamua kuwa malipo yakokotolewe upya. Kwangu mimi, fedha kutolewa kabla ya hesabu ndiyo kashfa yenyewe.

Naelewa kwa nini haikupewa uzito. Waziri anayejiuzulu ana picha, na habari yake inaandikwa jioni moja. Ukokotoaji wa bei ya umeme unamtaka mwandishi akae na mhasibu siku kadhaa, na chumba cha habari kimlipe siku zote hizo.

Septemba 2016, ICSID iliiamuru TANESCO kuilipa Standard Chartered ya Hong Kong, benki iliyokuwa imenunua deni la IPTL, dola milioni 148.4. Wakati huo akaunti ilikwisha kuwa tupu. Wahariri, kashfa nyingine ikizuka, tupeni mkataba kwanza, ukurasa wa mbele, kifungu kwa kifungu. Majina ya wahusika yatafuata.