Rangi ya Mbuna Mbele ya Kamera (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kihisi cha kamera kinavyopima nyekundu, kijani na buluu, kila moja peke yake. Leo tushuke Mbamba Bay, maana huko kosa la rangi ni kosa zito. Kwenye miamba ya Ziwa Nyasa huko wanaishi samaki waitwao mbuna, na aina zao nyingi zimefanana umbo mno, hata mtaalamu hutegemea rangi ya dume kuzitenganisha. Daktari wa Kijerumani Friedrich Fülleborn alikusanya samaki wa ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19, na Labeotropheus fuelleborni ana jina lake hadi leo. Lakini spiriti wanamowekwa samaki waliokusanywa haihifadhi rangi. Ushahidi wa rangi sasa unabebwa na picha, na picha ikipotosha, aina moja itahesabiwa mbili au mbili zitahesabiwa moja.

Kamera haijui mwanga umetoka wapi. Jua la adhuhuri lina joto-rangi, yaani kipimo cha rangi ya mwanga, la kelvini 5500 hivi. Balbu ya waya ina 2800 hivi, na mwanga wake huelemea wekundu. Jicho letu hujirekebisha, ndiyo maana shuka jeupe ni jeupe uani na chumbani. Mwaka 1902 Johannes von Kries alipendekeza kwamba kila kundi la vipokezi vya jicho hupandisha au hushusha wepesi wake peke yake. Kamera hufanya hivyo kwa kuzidisha. Tuseme chini ya balbu karatasi nyeupe imesomeka nyekundu 200, kijani 150, buluu 100. Zidisha nyekundu kwa 0.75 na buluu kwa 1.5: zote zinakuwa 150, na karatasi ni nyeupe tena. Vizidishio hivyohivyo hupitishwa kwenye picha nzima. Kwa matunda ya kahawa yanayochambuliwa Mbinga, juani au kivulini, njia hii inatosha.

Majini haitoshi. Kwanza, kamera isipoonyeshwa kitu cheupe hukisia, na ukisio wa kawaida ni kwamba wastani wa rangi zote katika picha ni kijivu. Mbuna wengi ni wa buluu, na maji nyuma yao ni ya buluu. Kamera hudhani buluu yote imeletwa na mwanga, ikamvua samaki rangi yake mwenyewe. Pili, maji humeza nyekundu kabla ya rangi nyingine. Nyekundu ikishuka hadi 10, utaizidisha kwa 15, na chembechembe za kelele zitazidishwa pamoja nayo. Kisichofika kwenye kihisi hakirudishwi kwa hesabu.

Tena umbali una neno lake: samaki aliye mita moja na aliye mita nne hawapotezi nyekundu sawa, kwa hiyo kizidishio kimoja hakiwafai wote wawili. Mwaka 2019 Derya Akkaynak na Tali Treibitz walionyesha njia inayopima umbali wa kila sehemu ya picha kabla ya kurekebisha rangi. Naiona kuwa hatua kubwa.

Kwa wanaozamia Mbamba Bay na Liuli: msogeleeni samaki, mmulikeni kwa taa mnayoijua, wekeni kibao cha kijivu ubavuni mwake, andikeni kina, na tunzeni faili ghafi. Picha isiyo na kumbukumbu hizo isitumike kutangaza aina mpya.