Saa ya Bombon

Kati ya Noeli na Bonane shule za Lubumbashi zimefungwa, mvua inanyesha, na wageni wanaingia nyumba za Karavia na bombon mfukoni. Kila mgeni humpa mtoto mbili tatu, mtoto hula moja, huficha nyingine, na kufika jioni hakuna mzazi anayejua zimeliwa ngapi. Mabishano ya nyumbani hufuata hesabu hiyohiyo: tano ni nyingi? Kumi je? Elimu ya meno ingependa tuulize jambo jingine, yaani bombon hizo zimeliwa saa ngapi, na zimechukua muda gani kwisha.

Sababu iko katika utando laini unaoshika meno, ule tunaouhisi kwa ulimi asubuhi. Humo huishi bakteria wengi, na anayejulikana zaidi ni Streptococcus mutans, aliyeelezwa na J. Kilian Clarke huko London mwaka 1924. Wakipata sukari huitafuna na kutoa asidi. Katika miaka ya 1940 Mmarekani Robert Stephan alipima utando huo baada ya kuupa sukari, akaona asidi ikipanda ndani ya dakika chache tu, kisha ikishuka polepole kwa nusu saa au zaidi. pH ikiwa chini ya 5.5 hivi, enameli, gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza kalisi na fosfati. Mate ndiyo yanayokuja kuzima asidi na kurudisha madini hayo, ila yanahitaji nafasi. Mtoto akila bombon sita pamoja baada ya bukari ya mchana, kinywa kinachachuka mara moja, kisha kinapumzika hadi usiku. Akizila hizohizo sita moja kila baada ya saa, kinywa kinachachuka mara sita, na kila mara mate yanabaki na nafasi ndogo ya kumaliza kazi. Sukari ni ileile, na hasara ni tofauti kabisa.

Ushahidi mzito wa jambo hili una doa, na doa hilo lazima litajwe. Katika taasisi ya Vipeholm, mjini Lund nchini Uswidi, watafiti wa miaka ya 1940 waliwapa sukari kwa namna mbalimbali watu wenye ulemavu wa akili, ambao hawakuwa na uwezo wa kukubali wala kukataa. Baadhi walipewa tofi za kunata kati ya milo, hadi 24 kwa siku, na meno yao yakaoza vibaya. Wengine waliopata sukari pamoja na chakula waliongeza matundu machache sana. Matokeo yalitangazwa mwaka 1954. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu utafiti wa aina hiyo, lakini kuyatupa yaliyoonekana kusingewarudishia watu wale meno yao. Waswidi wenyewe walijifunza kuwapa watoto peremende siku moja ya wiki, Jumamosi, na desturi hiyo wanayo mpaka leo.

Mtu atasema sikukuu ni siku chache, na tundu huchukua miezi kutoboka. Ni kweli: Noeli moja haimtoboi mtoto jino, na doa jeupe la mwanzo linaweza hata kupona. Lakini sikukuu huacha mazoea nyuma yake. Chupa ya sukre inayonywewa funda kwa funda tangu asubuhi haiishi tarehe 2 Januari, wala kikombe cha maziwa yenye sukari kitandani, ambacho ni kibaya zaidi kwa kuwa mate hupungua sana mtu akilala. Wengine watataja maembe, yanayoiva wakati huohuo wa mvua, na kuuliza mbona wazee walikula na meno yakabaki. Embe zima huja na nyuzinyuzi na maji, na Shirika la Afya Duniani, lilipopendekeza mwaka 2015 kwamba sukari huru, yaani ya kuongezwa au ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula, halikulihesabu tunda zima. Juisi yake, hata iliyokamuliwa nyumbani, liliihesabu.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba meno ya utoto yatang’oka tu. Shirika hilohilo lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza, na jino likiuma usiku halimwambii mtoto kwamba ni la muda. Tena, karibu na miaka 6 gego la kwanza la kudumu huota nyuma ya yale ya utoto bila kung’oa lolote. Wazazi wengi hulidhani la utoto, na ndilo linalokutana na bombon likiwa bado changa.

Kwa hiyo sioni haja ya kumnyima mtoto Noeli yake. Nkambo akileta mfuko, upokelewe kwa shukrani na uwekwe juu ya kabati mpaka bukari imeliwa. Hapo mtoto ale anavyopewa, amalize, anywe maji. Usiku mtu mzima ampige mswaki kwa dawa yenye floridi, kiasi cha njegere moja akishatimiza miaka 3, na cha punje ya mchele akiwa mdogo zaidi, ateme bila kusukutua. Dawa hiyo iliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, orodha ileile yenye dawa za malaria.