Je, Wajua? Mtoto, Mama na Blanketi Chakavu

Je, wajua kwamba "Hans mdogo", mtoto wa Vienna aliyeogopa farasi, alionana na Sigmund Freud, daktari wa nafsi, mara moja tu katika matibabu yake? Kazi nyingine yote aliifanya baba mtu, akimpelekea Freud habari. Freud alikichapisha kisa hicho mwaka 1909. Hans, jina lake halisi Herbert Graf, alikuja kuwa mwongozaji wa opera New York.

Wajua mjukuu wa Freud, akiwa na miezi 18, alipenda kutupa kigurudumu cha uzi nyuma ya pazia la kitanda chake, kisha kukivuta kirudi? Babu alisema mtoto anaigiza mama anavyoondoka na kurudi, ila safari hii mwenye amri ni yeye.

Wajua John Bowlby, daktari wa akili Mwingereza, aliondokewa na yaya wake akikaribia miaka minne, na uzeeni bado aliuona msiba ule kama wa kufiwa na mama?

Na hili ni letu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby, alianza kutembelea familia 26 za Waganda vijijini karibu na Kampala. Alikaa, akatazama. Mtoto anatambaa mbali, anageuka kumwangalia mama, anaendelea. Akiingia mgeni, mbio kwa mama. Mama akirejea, mtoto wa Kiganda alipiga makofi kumlaki. Wale aliowachunguza baadaye Baltimore, Marekani, walikumbatia na kubusu. Hadi leo vitabu vingi humtaja kwa Baltimore tu, kana kwamba Uganda alipita njia.

Wajua lile blanketi chakavu ambalo mwanao halali bila kuwa nalo lina nadharia yake? Donald Winnicott, daktari wa watoto, alionya hata lisifuliwe: harufu ikipotea, huenda na thamani yake yote ikapotea.

Wajua Anna Freud, binti wa Sigmund, aliyelea watoto London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliona kutenganishwa na mama kunawaumiza kuliko mabomu?

Vijana je? Mwanasaikolojia Erik Erikson ndiye aliyeeneza wazo la kijana kuhangaika kujua yeye ni nani. Mwenyewe hakumjua baba aliyemzaa, akakua na jina la baba wa kambo. Hilo la Erikson alijichagulia ukubwani, Marekani.