Ethanoli, magari makuukuu na bidoni za Sake

Kuanzia Delhi hadi Harare, wenye magari ya zamani wanauliza swali moja: petroli iliyochanganywa na ethanoli inaua injini au haiui? Huku Sake, kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma, pale njia ya kupanda Masisi inapoachana na ile ya kwenda Minova, swali hilo bado halijapamba moto. Lakini linakuja. Esanse, yaani petroli, yote tunayochoma Kivu hutoka ng'ambo ya mpaka wa mashariki, na kwa majirani zetu sera ya mafuta inabadilika.

Tutazame basi mashtaka dhidi ya ethanoli moja baada ya jingine, tuone lipi lina uzito na lipi ni kelele. Msimamo wangu nautoa mapema: kwa gari au pikipiki kuukuu ya hapa, mchanganyiko wa asilimia 10 unavumilika. Kinachopaswa kutukosesha usingizi ni maji, na maji huingia kwenye mafuta yetu baada ya kutoka kwenye lori, mikononi mwetu wenyewe.

Tuliweke kando kundi moja tangu mwanzo. Malori na Land Cruiser za mazutu, yaani dizeli, ambazo ndizo uti wa mgongo wa usafiri wa Masisi na Walikale, hazihusiki kabisa. Ethanoli huchanganywa na esanse. Wanaohusika ni wenye teksi ndogo, wamotari wa pikipiki, wenye jenereta za dukani na wavuvi wenye injini za boti.

Kitu chenyewe

Ethanoli ni alkoholi ileile iliyomo kwenye kasiksi na kanyanga. Viwandani hutengenezwa zaidi kwa miwa au molasi yake, au kwa mahindi. Tofauti iko kwenye ukavu. Mtambo wa kawaida wa kukenekea pombe, hata uwe mzuri namna gani, hauvuki takriban asilimia 95.6, kwa sababu mabaki ya maji hupanda pamoja na mvuke wa alkoholi. Ethanoli ya magari hukaushwa tena kwa njia maalumu hadi ipite asilimia 99. Ndiyo maana mtu anayedhani anaweza kuongeza ujazo wa esanse kwa kumimina kanyanga anajidanganya: maji yaliyomo yatazama chini pamoja na sehemu kubwa ya pombe, naye atabaki na tabaka mbili ndani ya chupa moja.

Mchanganyiko wenye asilimia 10 ya ethanoli huitwa E10, wenye 20 huitwa E20. Brazili, iliyoanzisha mpango wake mkubwa wa ethanoli mwaka 1975, ilifika asilimia 30 mwaka 2025. Afrika nayo si mgeni. Zimbabwe ilianza mwaka 1980 kwa kiwanda cha Triangle, na tangu 2013 uchanganyaji huko ni lazima kwa sheria. Kenya iliuza mchanganyiko wa asilimia 10 kuanzia 1983, kwa ethanoli ya Muhoroni, kisha mpango ukafa miaka kumi baadaye. Malawi imechanganya ethanoli ya Dwangwa tangu 1982 bila kuacha, kiasi kikipanda na kushuka kulingana na mavuno ya miwa.

Uganda ina sheria ya nishati ya mimea ya mwaka 2020 inayoruhusu kuchanganya hadi asilimia 20, na viwanda vya sukari kama Kakira tayari vinatengeneza ethanoli kutokana na molasi. Kwa mtu wa Sake, habari hiyo ni ya karibu kuliko ya Brazili.

Itatufikiaje?

Esanse ya Kivu Kaskazini hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, ikavuka Uganda au Rwanda kwa malori, ikaingia kwa vituo kama Kasindi, Bunagana au Goma. Lori lenye lakiri ya forodha hubeba mafuta ya kupita tu, na sheria ya uchanganyaji ya nchi ya njiani kwa kawaida huhusu mafuta yanayouzwa ndani ya nchi hiyo. Kwa njia hiyo, Uganda inaweza kuchanganya kwa miaka mingi na esanse ya lori isibadilike.

Lakini kuna njia ya pili. Mafuta yanayonunuliwa kwenye pampu ya upande wa pili na kuvushwa kwa bidoni ni mafuta ya soko la ndani la jirani. Siku jirani atakapochanganya, bidoni hiyo itakuja imechanganywa. Zote mbili, ya lori na ya kuvusha, huishia kwa kadhafi yuleyule, muuzaji wa esanse kando ya barabara, kwenye chupa zilezile za plastiki, bila maandishi yoyote. Kisheria, kupima ubora wa bidhaa zinazoingia Kongo ni kazi ya OCC, ofisi ya serikali ya udhibiti. Lakini tangu waasi wa M23 waliposhika Sake na kisha Goma mwezi Januari 2025, kuitegemea ofisi ya serikali ya Kinshasa imlinde mnunuzi wa chupa ya esanse ni kujipa matumaini matupu.

Shtaka la kwanza: inakula mafuta

Ni kweli, ila kidogo. Lita ya ethanoli ina nishati pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko lita ya petroli. Kwa E10 upungufu unakuwa asilimia 3 na ushee; kwa E20 unakaribia 7. Motari anayemaliza lita 5 kwa siku atahitaji kuongeza chini ya glasi moja akitumia E10. Chupa isiyojazwa hadi shingoni humpunja zaidi ya hapo, na hakuna anayeandamana.

India, ambako ndiko pikipiki zetu za TVS na Boxer zinakotengenezwa, mjadala huu ulichemka mwaka 2025 baada ya E20 kuenea nchi nzima. Serikali ilikiri kwamba vyombo visivyoundwa kwa E20 hupoteza asilimia 3 hadi 6 ya umbali kwa lita. Wenye vyombo walidai wanapoteza zaidi. Jambo la kukumbuka ni kwamba vyombo vipya vya India vilianza kuundwa kwa ajili ya E20 mwaka 2023. Pikipiki ya kabla ya hapo, na hizo ndizo nyingi hapa, isihesabiwe humo.

Shtaka la pili: injini inachemka

Ethanoli hubeba oksijeni yake yenyewe, kwa hiyo inahitaji hewa pungufu kuliko ile petroli inayohitaji. Gari la kisasa lina kihisi kwenye ekzosi kinachogundua hilo na kuongeza mafuta. Kabureta haina akili hiyo. Ukiipa E10, mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mwembamba kwa karibu asilimia 4, na injini yenye mchanganyiko mwembamba huchemka, hukohoa, na hugoma kuwaka asubuhi.

Lakini hapa mwinuko wetu unaingia na kugeuza hesabu. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Sake iko juu kidogo ya hapo. Hewa ya kimo hiki ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko ya pwani. Kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari, ikiletwa huku, humimina mafuta kupita kiasi, karibu asilimia 7 zaidi. Ndiyo sababu ya plagi kuwa nyeusi na moshi wenye harufu ya mafuta mabichi. E10 inapunguza ziada hiyo. Kwa kabureta ambayo haijawahi kuguswa, mchanganyiko huo unaweza hata kuisaidia iwake vizuri. Sivyo kwa ile ambayo fundi ameshaibadilishia jeti kufuata mwinuko: hiyo itaathirika kama gari la pwani, na E20 itaitesa.

Mwinuko huohuo una ubaya wake pia. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo kimiminika chochote kinavyochemka kwa joto dogo. Teksi kuukuu iliyojaa abiria na mizigo, ikipanda kuelekea Mushaki kwa gia ya kwanza, inaweza kupata mvuke ndani ya bomba la mafuta na kuzima katikati ya kona. Dawa yake ni kuliweka bomba hilo mbali na ekzosi, na dereva kusubiri injini ipoe.

Shtaka la tatu: inatafuna mipira na chuma

Hili ni la kweli kwa magari ya zamani hasa. Mipira ya asili, koki na baadhi ya plastiki za zamani huvimba au kulainika zikikaa ndani ya alkoholi. Zinki na aluminiamu za kabureta huweza kuliwa, hasa kukiwa na maji. Japani, ambako yametoka magari mengi yaliyotumika yanayozunguka Afrika Mashariki, iliwahi kupata somo chungu: mafuta ya mbadala yenye alkoholi nyingi yalikula mabomba ya aluminiamu, magari yakavuja na kushika moto, na mwaka 2003 serikali ikaweka kikomo cha asilimia 3 ya ethanoli. Gari la Japani la miaka ya 1990, basi, halikuundwa likiwa na E10 akilini. Uingereza ilipoifanya E10 kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021, iliwaambia wenye magari ya kabla ya 2002 wahakikishe kwanza, na ikabakiza petroli ya asilimia 5 kwa ajili yao.

Bado uharibifu huu ni wa polepole na wa bei ndogo. Kinachoharibika ni mabomba ya mpira, oringi, diaframu ya pampu, na boya la kabureta. Tangi lenye uchafu wa miaka mingi litasafishwa na alkoholi, na uchafu wote utahamia kwenye filta wiki za mwanzo. Malawi haikukosa magari makuukuu katika miaka zaidi ya 40 ya ethanoli. Mafundi wake walijifunza kubadilisha mipira.

Shtaka la nne: maji

Petroli safi na maji havipatani. Maji huzama chini ya tangi yakatulia huko, na injini huendelea na petroli ya juu hadi siku maji yatakapofika kwenye mdomo wa bomba. E10 hufanya jambo jingine. Huyameza maji, yakayeyuka yasionekane, hadi kufikia kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa lita. Yakizidi hapo, mafuta hutengana ghafla: maji hukimbia na ethanoli hadi chini, na petroli ya juu hubaki imepoteza sehemu ya oktani yake. Katika bidoni ya lita 20, kikomo ni mililita 100, nusu kikombe. Na kikomo hicho hushuka joto likishuka. Mafuta yaliyokuwa safi mchana Sake yanaweza kutengana usiku wa baridi wa milima ya Masisi bila mtu kuyagusa.

Sasa tazama maisha ya esanse yetu. Humiminwa kutoka pipa hadi bidoni, kutoka bidoni hadi chupa, kutoka chupa hadi tangi, kwa mrija uliolala nje na mvua ya jana ndani yake. Bidoni hiyohiyo jana ilibeba maji. Kifuniko kilipotea, pamewekwa kipande cha nailoni. Kwa esanse tupu, uzembe huu humpa motari matone ya maji chini ya kabureta, anayafungulia skrubu yanatoka. Kwa E10, uzembe uleule huharibu bidoni nzima. Wavuvi wa ghuba ya Kabuno wako hatarini zaidi, maana tangi la boti halikauki kamwe.

Namna ya kujua ulichouziwa

Hakuna mashine inayohitajika. Chukua chupa nyembamba inayoonyesha ndani na sirinji ya duka la dawa. Tia mililita 20 za maji, weka alama ya kalamu pale yanapoishia. Ongeza mililita 200 za esanse, funga, tikisa vizuri, kisha iache dakika kumi mbali na moto na sigara. Ikiwa maji yamerudi palepale kwenye alama, hakuna ethanoli. Yakipanda hadi karibu mara mbili ya kimo chake, umeuziwa kitu kama E10, kwa sababu ethanoli imehama na kujiunga na maji. Yakipanda mara tatu, ni E20 au zaidi, na kabureta ya zamani isipewe.

Chama cha wamotari kinaweza kufanya kipimo hiki kwa kila mzigo mpya kabla ya wanachama kununua. Kadhafi anayejua kwamba atapimwa atauliza naye huko anakonunua.

Kinachobaki ni kupanga matumizi ya fedha kidogo zilizopo. Cha kwanza ni bidoni ya mafuta tu, kavu, yenye kifuniko kinachobana. Cha pili ni filta mpya na mabomba mapya ya mpira unaostahimili alkoholi. Cha tatu ni kutolaza esanse kwa wiki nyingi ndani ya jenereta. Hayo yote yana faida hata kama ethanoli haitafika Sake mwaka huu wala mwaka ujao, kwa sababu maji yanaharibu injini zetu tayari, bila msaada wa mtu wa Kampala.