Theluji ya Mwaka 1565 Yachorwa Kangeta

Wasomaji wengi wajua kwamba mlima wetu, ambao Wameru huuita Kirimara, una theluji kileleni. Seremala mmoja kijana wa hapa Kangeta ameazimu kujifunza kuchora theluji kwa rangi ya mafuta, lakini hakuanzia mlimani. Alianzia kwenye picha ya kalenda, nakala ya wawindaji katika theluji waliochorwa na Pieter Bruegel mwaka 1565. Picha yenyewe imewekwa katika jumba la makumbusho mjini Vienna.

Yapasa niseme kwamba wamekuwako walimu wakubwa wasiolipenda jambo hili. Bibi Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, aliona afadhali wanafunzi wachore maisha ya kwao kuliko kuiga picha za Ulaya. Mwanafunzi wake Sam Ntiro, Mchagga, alichora migomba na watu wa kwao kwa rangi hizi hizi za mafuta, na picha yake ya mwaka 1956 imo katika jumba la sanaa la New York. Naye Elimo Njau, mmoja wa walioanzisha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, alifundisha kwamba kuiga humtia Mungu usingizi. Maneno hayo ni mazito, wala siyapuuzi. Lakini nadhani yamhusu mtu aridhikaye na kuiga tu. Fundi cherehani naye hufumua koti kuukuu apate kujua lilivyoshonwa.

Kijana aliigawa kalenda kwa penseli katika miraba midogo, kisha akapiga miraba mikubwa, idadi ile ile, juu ya ubao uliopakwa rangi nyeupe. Hapo kazi ya mkono ikawa rahisi. Iliyobaki ilikuwa kazi ya macho na subira. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupotea kama maji, bali kwa kuvuta hewa, na wakati wa baridi na ukungu wa Nyambene huchukua siku nyingi. Safu ya chini hupakwa nyembamba, yenye tapentaini. Za juu ndizo zenye mafuta zaidi. Ukifanya kinyume, ya juu hukauka kwanza, na ya chini ikiendelea kujivuta, picha hupasuka.

Ajabu kubwa ni theluji yenyewe. Itazameni kwa makini: nyeupe tupu ni chache mno. Mna samawati, mna kijivu, na mahali pengine mna manjano kidogo. Mbingu na mabwawa yaliyoganda yana rangi moja ya kijani chenye kijivu, na ndiyo iletayo baridi machoni pa mtu asiyewahi kukanyaga barafu.

Mzee mmoja aliyepita akitoka kuchuma miraa alisimama kitambo, akauliza, “Wanaume watatu, mbwa wote hawa, na mbweha mmoja tu? Hawa wana njaa.” Wala hakukosea sana, kwa kuwa baridi ya 1564 hadi 1565 ilikuwa kali mno huko Ulaya. Kijana alirudi akawainamisha wawindaji mabega zaidi.

Sasa amekwisha randa ubao wa pili, wa kuchora mashamba ya miraa katika ukungu wa Julai. Anangoja rangi nyeupe kutoka Nairobi, kwani ndiyo ya kwanza kwisha.