Upangaji wa vitu nyumbani

Upangaji wa vitu nyumbani ni kazi ya kuchambua vitu vilivyomo katika nyumba, kuondoa visivyotumika tena na kuvipa vinavyobaki mahali maalumu pa kukaa. Kazi hiyo inahusiana na usafi lakini si kitu kilekile. Ufagio huondoa vumbi, ila hauamui kama dumu lililopasuka libaki uvunguni au liondoke.

Mara nyingi faida za upangaji hutajwa kuwa uzuri wa nyumba na utulivu wa wakazi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ambamo chumba kimoja hutumika kwa kulala, kuhifadhi chakula na kuweka zana, kuna faida kubwa zaidi: afya ya watoto na usalama wa mavuno. Kila rundo la vitu visivyosogezwa ni maficho ya wadudu na wanyama wanaoishi kwa kutegemea chakula cha watu au damu yao.

## Mfano wa Kingolwira

Kingolwira ni kata ya Manispaa ya Morogoro nchini Tanzania. Iko upande wa mashariki wa mji, kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam, na ina stesheni ya reli ya kati. Kama ilivyo pembezoni mwa miji mingi ya Tanzania, maisha ya mji na ya shamba hukutana hapo. Watu wa nyumba moja wanaweza kuwa na mshahara au biashara mjini na wakati huohuo kulima mahindi.

Mwaka wa eneo hilo hufuata mvua. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Mahindi ya masika huvunwa kuanzia Juni au Julai. Wakati huo magunia huingia ndani ya nyumba, pamoja na majembe, bomba la kupulizia dawa, baiskeli na madumu ya maji.

Katika nyumba nyingi za zamani za mashambani mahindi yaliwekwa darini, juu ya jiko la kuni. Moshi uliyakausha na kufukuza wadudu, na watu walilala chini. Jiko linapojengwa nje na paa kuwa la bati, nafasi hiyo hutoweka. Magunia huhamia sebuleni au chumba cha kulala, na mpangilio ambao zamani ulikuwa sehemu ya jengo lenyewe sasa unapaswa kufanywa kwa mikono.

## Historia nchini Tanzania

Serikali ya Tanzania ilifundisha mpangilio wa nyumba kama suala la afya tangu miaka ya kwanza ya uhuru. Mwaka 1973 iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakafanya kazi katika makazi yao. Walichimba vyoo na mashimo ya taka, walifyeka nyasi karibu na nyumba na kufukia madimbwi. Kampeni hiyo ilifuata ile ya Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, iliyoadhimisha miaka 10 ya uhuru.

Alama mojawapo ya mafundisho ya afya vijijini ni kichanja cha vyombo, yaani meza ya miti iliyojengwa nje ili sahani na sufuria zikauke juani badala ya kuwekwa sakafuni.

Tarehe 9 Desemba 2015, wakati wa mlipuko wa kipindupindu, rais John Magufuli alifuta sherehe za Siku ya Uhuru na kuagiza siku hiyo itumiwe kwa usafi nchini kote. Baadaye Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ilitengwa kwa shughuli hiyo. Hata hivyo, kazi za pamoja huishia zaidi barabarani, sokoni na kwenye mitaro. Yaliyomo ndani ya nyumba hubaki kwa wenyewe.

## Faida

### Kupunguza panya

Panya huhitaji chakula, maji na mahali pa kujificha. Marundo ya magunia matupu, nguo kuukuu na mbao huwapa hitaji la tatu, na mara nyingi la kwanza pia. Katika eneo la Morogoro panya shamba (Mastomys natalensis) amechunguzwa kwa miaka mingi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Jike mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mara moja, na idadi ya panya hao hupanda na kushuka kufuatana na mvua. Ndani ya nyumba huishi zaidi panya mweusi (Rattus rattus), ambaye ni hodari wa kupanda kuta na kukaa darini.

Hasara ya panya haiishii kwenye mahindi yaliyoliwa. Mkojo wao unaweza kueneza leptospirosisi, inayoitwa nchini Tanzania homa ya mgunda. Mwaka 2022 ugonjwa huo uliua watu mkoani Lindi. Viroboto wa panya hueneza tauni, ambayo iliwapata maelfu ya watu wilayani Lushoto kuanzia mwaka 1980. Pamoja na hayo, panya huvuta nyoka. Kifutu au swila anayekutwa katika rundo la kuni karibu na mlango mara nyingi amefuata mawindo yake.

### Kulinda mavuno

Gunia lililolazwa moja kwa moja juu ya sakafu hufyonza unyevu, na lililoegemezwa ukutani haliwezi kukaguliwa upande wa nyuma. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu isiyoonekana kwa macho wala kuondolewa kwa kupika. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu takriban 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mdudu anayeitwa dumuzi (Prostephanus truncatus), aliyefika Tanzania kutoka Amerika ya Kati katika karne ya 20, huweza kuishi hata ndani ya mbao. Punje za msimu uliopita zilizobaki pembeni mwa chumba huwa daraja la kumvusha hadi kwenye mavuno mapya. Kwa sababu hiyo kuondoa mabaki yote na kufagia nyufa kabla ya mahindi mapya kuingia ni sehemu ya uhifadhi wenyewe. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia sana, lakini ikitobolewa na panya hupoteza kazi yake.

### Kupunguza mbu

Mbu wa jenasi Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga mayai katika maji machache: kopo, tairi kuukuu, kifuu cha nazi au ndoo iliyovunjika. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kuondoa vyombo hivyo uani kabla ya mvua kunapunguza mazalia bila gharama.

Mbu anayeeneza malaria (Anopheles) huzaliana zaidi katika madimbwi na mabwawa, lakini aina kadhaa hupumzika ndani ya nyumba mahali penye giza, zikiwemo nguo zilizotundikwa. Aidha, chandarua huhitaji nafasi. Kitanda kilichozungukwa na masanduku hufanya chandarua kisichomekwe vizuri, na mbu huingia kwa chini.

### Usalama wa watoto

Mafuta ya taa yaliyowekwa katika chupa ya soda, na dawa ya wadudu iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji, ni sababu inayojulikana ya sumu kwa watoto wadogo. Mtoto hafanyi kosa: anakunywa kutoka katika chombo anachokifahamu, mahali alipozoea kukiona. Mpangilio unaookoa maisha hapa ni rahisi. Sumu ibaki katika chombo chake chenye lebo, ifungiwe juu, mbali na chakula.

### Muda, fedha na nyaraka

Familia isiyojua ilicho nacho hununua tena. Panga la pili, kufuli la tatu na betri mpya huongezwa juu ya vilivyopotea. Nyaraka zina uzito zaidi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya bima ya afya, vyeti vya shule na karatasi za mauziano ya kiwanja. Mgonjwa anapopelekwa hospitali usiku, au mgogoro wa mpaka wa shamba unapofika baraza la kata, karatasi iliyoko ndani ya nyumba lakini haionekani ni sawa na isiyokuwepo. Kuziweka pamoja katika mfuko mmoja usiopenya maji, ndani ya sanduku lililo juu ya sakafu, huzilinda pia dhidi ya mafuriko na mchwa.

### Utulivu wa akili

Nchini Marekani watafiti Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha mwaka 2010 utafiti juu ya familia za Los Angeles. Wanawake walioeleza nyumba zao kwa maneno ya msongamano na kazi zisizokwisha walikuwa na mwenendo wa homoni ya kortisoli unaohusishwa na msongo wa mawazo. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba vitu ndivyo vilivyoleta msongo. Inawezekana pia kwamba mtu aliyechoka hukosa nguvu ya kupanga.

## Hatua

Njia iliyoenea Tanzania ilitoka Japani kupitia hospitali. Viwanda vya Japani viliandaa hatua tano zinazoanza kwa herufi S: seiri, seiton, seiso, seiketsu na shitsuke. Mwaka 2007 hospitali ya rufaa ya Mbeya ilianza kuzitumia, na baadaye Wizara ya Afya ilizieneza katika hospitali nyingine. Kwa Kiswahili hatua hizo zilipewa majina yanayoanza pia kwa S. Zinaweza kutumika katika nyumba ya mkulima kama ifuatavyo:

1. Sasambua: kutoa vitu vyote nje, chumba kimoja kwa siku, na kuvigawa katika mafungu ya vinavyotumika, vya kutengeneza, vya kutoa au kuuza, na vya kutupa.
2. Seti: kukipa kila kitu mahali pake. Magunia huwekwa juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta ili ufagio na paka wapite. Zana za shamba hutenganishwa na chakula.
3. Safisha: kufagia, kuziba matundu ya panya na kuanika magodoro juani.
4. Sanifisha: kukubaliana utaratibu mmoja kwa wote, kwa mfano kwamba panga hurudi msumarini kila jioni.
5. Shikilia: kuendelea. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote.

Wakati unaofaa kwa kazi kubwa katika maeneo kama Kingolwira ni baada ya masika kuisha na kabla ya mavuno kuingia, kwa kuwa ghala liko karibu tupu na vitu vinaweza kukaa nje bila kulowa. Mara ya pili inafaa kabla ya vuli, hasa uani.

## Mipaka na matatizo

Vitabu vingi vya nchi tajiri hushauri kutupa kila kisichotumika. Ushauri huo hauhamishiki wote. Katika nyumba yenye kipato kidogo kipande cha bati ni kiraka cha kesho, na methali husema akiba haiozi. Kwa hiyo swali linalofaa si kama kitu kinatumika leo, bali kama kinaweza kutunzwa bila kuwa maficho. Bati lililosimamishwa nje juu ya matofali ni akiba, ila likilazwa chini ya kitanda ni nyumba ya panya.

Vinavyoondolewa vinahitaji pa kwenda. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita mitaani, na nguo hugawiwa ndugu na majirani. Kuchoma plastiki uani hutoa moshi wenye sumu.

Kazi ya kupanga huwaangukia zaidi wanawake na wasichana. Ikibaki kuwa yao peke yao huongeza mzigo badala ya kuupunguza, na huvunjika mara wanapokuwa shambani. Vilevile si haki kutupa vitu vya mtu bila idhini yake, hasa vya wazee na vya marehemu. Kuna pia watu ambao hawawezi kuachana na vitu hata vinapowadhuru. Ugonjwa huo wa kulimbikiza vitu uliorodheshwa peke yake katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, na huhitaji matibabu badala ya lawama.

Mwishowe, mpangilio peke yake haumalizi panya wala mbu. Mitego, paka, kuziba matundu, chandarua na kukausha nafaka bado vinahitajika. Lakini vyote hivyo hufanya kazi vizuri zaidi katika chumba ambamo sakafu inaonekana.